Nyama Ambayo Nuur Hakuila

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia yote kila nikimwona kijana anasogeza sahani pembeni na kusema ameshiba, nami humrudisha kwenye chakula. Watu hudhani ni uzee. Uzee upo, sikatai, lakini si uzee peke yake. Kaa hapa karibu nikusimulie, na usinikatize, maana wazee tukikatizwa tunaanza upya.

Nilikuwa na umri kama wako, niko hapa hapa Garissa, katika chuo kidogo cha kufundishia walimu. Usiende kukitafuta. Kilikuwa mabanda mawili ya mabati na jiko la nje, na baadaye kikafungwa, hata msingi wake sidhani kama umebaki. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wakati baadhi ya watu wa huku walitaka sehemu hii ijitenge na Kenya iungane na Somalia, na serikali ikasema jambo hilo haliwezekani. Walioshika bunduki, ndio shifta wenyewe, walikuwa wachache, walioumia tulikuwa wote. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, nasi ndio tuliokuwa nyasi, pamoja na ngamia wetu.

Hofu ya siku zile siwezi kukueleza ikakuingia kama ilivyotuingia sisi. Tulijifunza kuyajua malori ya jeshi kwa mlio, kabla hayajatokea. Mlio ukipita, tunaendelea kusoma. Mlio ukizimika karibu na lango, hakuna aliyemeza mate. Walikuwapo watu tuliowajua kwa majina, wauza ng'ombe, wauza sukari, waliopandishwa malori yale wakaenda, na mpaka leo hatujui walishushwa wapi. Hofu ile haikukaa kichwani, ilikaa tumboni. Na tumbo ndilo ninalotaka tulizungumzie.

Maana sisi wanafunzi tulijilisha wenyewe. Unga, maharagwe na sukari vililetwa na malori yaliyosindikizwa na askari. Yakija yamekuja, yasipokuja tunatazamana. Tulipika kwa zamu, tukala kikundi kikundi katika sinia moja. Hapakuwa na mzazi wa kukuuliza umekula nini, kwa hiyo kila mtu akajitungia sheria yake, kama ninyi mnavyofanya leo. Wapo walioishi kwa chai, chai ya sukari nyingi kama sharubati, wakasema inawatosha kutwa. Wapo waliotafuna miraa ili wasisikie njaa, kisha darasani wakamwona mwalimu mmoja kama wawili. Nasi watoto wa wafugaji tulikuwa na ugonjwa wetu wa peke yetu. Kwetu mwanamume hasemi ana njaa. Tangu mtoto hajaota meno yote anafundishwa kwamba mkono unaotoka wa kwanza kwenye sinia ndio mkono wa muungwana. Basi yalikuwa mashindano ya kuinuka! Chakula hakitoshi, na bado kinabaki, kila mmoja amekaa pembeni anajilamba midomo na kusema alhamdulillahi. Umewahi kusikia wajinga kama hao? Ndio sisi babu zenu mnaotuheshimu.

Rafiki yangu mkubwa pale chuoni aliitwa Nuur. Alikuwa mtoto wa mjane, kwao ni upande wa Sangailu, mrefu, mpole, mwenye hati nzuri kuliko sote. Alikuwa na wadogo zake nyumbani, na mama yake ndiye baba na ndiye mama. Tulipokuwa katikati ya masomo, habari ikatufikia kwamba watu wa kwao wamehamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika kijiji cha ua wa miiba, askari langoni, hatoki mtu bila kibali. Ngamia wao walichukuliwa. Alibaki mmoja tu aliyekuwa kilema, asiyeweza kwenda, naye mama akamchinja kabla hajafa mwenyewe.

Nyama ya ngamia huyo ndiyo mama alimtumia Nuur. Aliikata vipande vidogo, akaikausha juani, akaikaanga na kuizamisha ndani ya samli, ile tunayoita nyirinyiri, ambayo hukaa miezi bila kuharibika. Akaijaza katika chombo cha kusukwa, akakifunika, kisha akakizungushia kamba nyembamba za ngozi, kifundo juu ya kifundo, kama mama zetu wanavyokifunga chombo cha harusi. Mwanamke mmoja muuza maziwa, aliyekuwa na kibali cha kuingia mjini, akakileta mpaka chuoni.

"Mama yako anasema ule," akamwambia Nuur. Hakuwa na ujumbe mwingine.

Nuur alikishika chombo kile kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kisha akakisukuma chini ya kitanda chake. Nikangoja siku hiyo, nikangoja na kesho yake, chombo hakifunguliwi. Nami, sitakuficha, mate yalinijaa kila nilipokiangalia.

"Ndugu yangu, mbona hukifungui?" nikamwuliza.

"Nyama hii ameitoa midomoni mwa watoto," akanijibu. "Nitaimezaje? Nitairudisha likizo, waile wao."

Nikaona ni maneno ya mtoto mwema, nikamwacha. Lakini Nuur hakuishia hapo. Akaanza kujipunguzia hata kile cha sinia. Akisikia malori ya chakula hayajafika kijijini kwao, siku hiyo hali. Akiulizwa anasema amefunga. Na kufunga ni ibada, nani atamkataza mtu ibada? Akawa anakonda mbele ya macho yetu, shati linamcheza mwilini, akisimama ghafla anashika ukuta. Mkuu wa chuo, Mwalimu Mutinda, Mkamba aliyeletwa huku kutoka mbali, mtu aliyetuogopa nasi tukamwogopa, alimsimamisha siku moja uwanjani akamwambia, "Wewe kijana, utaanguka na chaki mkononi." Nuur akatabasamu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na njaa ya kufichwa nayo ni maradhi.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Asubuhi ile lori la jeshi lilikanyaga bomu barabarani, tukausikia mshindo tukiwa darasani, na kila mmoja wetu akajua kitakachofuata. Haikupita muda, milio ya malori ikaja, ikazimika langoni petu. Tukatolewa nje, tukasimamishwa mstari juani, mikono kichwani. Askari wakaingia mabandani. Tulisikia masanduku yakipinduliwa na vitanda vikiburutwa. Aliyekuwa kando yangu alikuwa akisoma dua, meno yakigongana, nami nikatamani anyamaze na nikatamani asinyamaze.

Askari mmoja akatoka amebeba chombo cha Nuur.

Lazima uelewe kilikuwa na maana gani. Amri ilikuwa chakula kikae jikoni tu. Na nyirinyiri si chakula kama vingine. Ni chakula cha safari, hakihitaji moto, na mtu aliyejificha porini hawezi kuwasha moto akaonekana moshi. Aliyekutwa na chombo kama kile alihesabiwa kuwa analisha shifta, na aliyelisha shifta alikuwa shifta.

"Ya nani hii?" akauliza afisa wao, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu. Sauti ile ya taratibu ilinitisha kuliko makelele.

"Yangu, afande," Nuur akasema.

"Ya kula?"

"Ndiyo, afande. Mama natuma."

"Mbona haijafunguliwa?"

Nuur hakujua kusema uongo, maskini. "Nilikuwa nataka kubeleka nyumbani, afande. Kwa watoto."

Nikafumba macho. Kupeleka! Yaani mwenyewe amekiri mbele ya wote kwamba chakula kile ni cha kutoka nje ya mji. Afisa akamsogelea, akamshika mkono, akaupandisha juu ili askari wake wauone.

"Tazameni mkono huu," akasema. "Mwembamba kama mswaki. Mtu mwenye nyama na samli chini ya kitanda anakuwa hivi? Chakula hiki si chako, kijana. Wewe ni stoo ya watu."

Mwalimu Mutinda akatoka mstarini. Alikuwa na hofu kama sisi, lakini alitoka, na kwa hilo nitamwombea mpaka nife. "Afande, huyu ni mwanafunzi wangu. Ana tabia ya kujinyima. Hali chakula, nimemwona mimi mwenyewe."

"Ndiyo hiyo ninayosema, Mwalimu," afisa akajibu. "Hali, kwa sababu si chake."

Askari akatoa kisu, akazikata kamba za chombo. Sote tukainamisha vichwa. Kwetu kamba zile hufunguliwa kwa mkono, hata ikichukua mchana kutwa. Kuzikata ni kumvunjia heshima mwanamke aliyezifunga. Nyama ikaonekana, imejaa mpaka ukingoni, samli yake imeganda bila alama ya kidole. Hakuna aliyehitaji shahidi tena. Nuur akapandishwa lori. Aliniangalia mara moja, nami sikuweza hata kuinua mkono.

Mwanangu, mtu anayejinyima kwa ajili ya ndugu zake, kwetu sisi ni kawaida, hata tunamsifu. Lakini uieleze kawaida hiyo kwa mtu mwenye bunduki aliyefiwa na wenzake asubuhi hiyo, uone kama ataielewa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na zaidi ya hapo hamjui kabisa mwenye njaa anayelalia chakula.

Mwalimu Mutinda alikwenda kambini kumwombea, akanichukua mimi kwa sababu niliijua lugha ya kwetu na Kiswahili changu kilinyooka. Nilitembea nyuma yake. Afisa alitusikiliza, akasema neno moja: aletwe huyo mama anayedaiwa kutuma nyama. Maneno yake yakilingana na ya mwanawe, ataamua. Yasipolingana, wataondoka wote wawili na msafara wa malori utakaokwenda huko wanakozuiliwa watu.

Basi tukangoja. Nikawa namwomba Mungu mama yule aje, na papo hapo namwomba asije. Akija na neno moja likateleza, wale watoto kijijini watabaki na nani? Asipokuja, Nuur amekwisha. Sikuweza kula siku zile, na safari hii si kwa uungwana. Ilikuwa hofu tupu.

Mama akaletwa kwa lori la maji. Alikuwa mrefu kama mwanawe na mkavu kama mwanawe, mtandio wake umefifia, amesimama wima kama mti wa boma. Walituingiza katika chumba chenye meza moja, na juu ya meza chombo chake, na kamba zake zilizokatwa zikining'inia. Nuur akaletwa kutoka mlango mwingine. Afisa akaniambia, "Wewe ndiye mkalimani. Utatafsiri yote. Ukiacha neno nitajua." Pembeni alikaa askari mmoja aliyekuwa kimya tu ananiangalia mdomo. Nikajua lugha yetu anaielewa.

"Mwulize hii ni ya nani."

Nikamwuliza. Mama aliitazama nyama, akamtazama mwanawe, mashavu yale, shingo ile, kisha akarudi kuitazama nyama.

"Hajaila?" akaniuliza mimi.

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Anauliza kama hajaila, afande."

Hapo mama akasahau kwamba kuna afisa, akasahau bunduki, akasahau yuko wapi. Akamgeukia mwanawe, na nilidhani atalia au atamwombea. Hakufanya hivyo. Alimgombeza.

"Nuur, wadogo zako walilia nilipokuwa naikata nyama hii. Walishika nguo yangu. Nikawanyamazisha, nikawaambia kaka yenu anasoma, akishiba atakuwa mwalimu, akiwa mwalimu sote tutakula. Wakanyamaza, watoto wadogo, wakaenda kulala. Na wewe ukaiweka chini ya kitanda! Wao hawakuila, na wewe hukuila. Basi tumemchinjia nani? Nani amekuambia njaa yako inanishibisha mimi? Tumbo lako likinguruma hapa, langu linajaa kule? Nijibu!"

Nuur akainamisha kichwa. Nami nilikuwa natafsiri, neno kwa neno, nikiogopa kuongeza na nikiogopa kupunguza. Nilipofika pale pa watoto kushika nguo, sauti yangu ilikatika, nikaanza upya. Yule askari wa pembeni akaitikia kwa kichwa kumwonyesha mkubwa wake kwamba ndivyo alivyosema.

Sijui afisa aliwaza nini, wala sitaki kumzulia. Najua tu kwamba mtu aliyekuja kudanganya ili kumwokoa mwanawe hamgombezi namna ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mle chumbani ulionekana wazi bila mkalimani. Afisa akakisukuma chombo mpaka ukingo wa meza.

"Mwambie kijana ale. Na mama naye ale."

Nuur akasema bismillahi, akala, akitafuna polepole kama mgonjwa. Mama akasema yeye ametosheka. Afisa akarudia, "Na yeye ale." Basi mama akanyoosha mkono kuchukua kipande. Na hapo, mwanangu, mkono wake ulimtangulia. Ulikimbilia nyama kabla hajauzuia, na kipande kikawa kimeshaingia mdomoni. Nikatazama pembeni. Njaa ya mtu mzima anayejiheshimu haifai kutazamwa.

Wakamwachilia Nuur jioni ile. Nyama iliyobaki ilishikwa, wakasema amri ni amri. Mama alirudishwa kijijini kwa lori lile lile la maji. Pale langoni alimshika mwanawe kidevu, akamwita hooyo, maana mama zetu humwita mtoto kwa jina wanaloitwa wao. "Kula, hooyo," akamwambia. "Usinifanyie tena wema wa namna hii."

Hatukumwona tena. Mvua zilipokuja, kijiji kile kilichosongamana kiliingiwa na ugonjwa wa kuhara, na mama Nuur akawa miongoni mwa waliozikwa. Wadogo zake walichukuliwa na mjomba wao huko Masalani.

Habari ilifika chuoni mchana, sinia imeshatengwa. Tuliogopa, nakuambia kweli. Tulijua mtu akifiwa chakula kinamshinda, na Nuur bado alikuwa amekonda. Tukaona sasa huyu atajilaza njaa na tutamzika yeye pia. Tukakaa tumeizunguka sinia bila kuigusa. Nuur akaja akakaa mahali pake. Akanawa mikono. Akasema bismillahi kwa sauti tuliyoisikia sote, akamega ugali, akala. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono unarudi tena kwenye sinia. Akala kama mtu anayetekeleza amri. Tukala naye mpaka sinia ikawa nyeupe.

Sasa ngoja nikuambie ninachotaka uende nacho. Najua kule chuoni kwenu hakuna malori ya kuogopa, na Mungu aendelee kuwaepusha. Lakini najua pia, usinifiche, kwamba unalala na chai, na ukipigiwa simu unasema nimekula, na kile cha tumbo lako unakituma nyumbani kwa wadogo zako. Moyo huo ni mzuri, nami siutukani. Ila wahenga walisema adui mwombee njaa. Hawakusema ujiombee mwenyewe. Ukiwa na kingi, gawa. Ukiwa na kidogo, megeana na mwenzako. Lakini usikitoe chote ukabaki mtupu, kisha ukauita utupu huo mapenzi. Wanaokupenda hawakukutuma huko ukakonde. Walitoa walichotoa ili uwe mtu, na mtu haundwi kwa chai na miraa.

Kula kwa wakati, hata kikiwa kidogo. Kula na wenzako, kwa sababu anayekula peke yake hana wa kumwona siku aliyoacha kula. Na ukiwa na njaa, fungua mdomo useme nina njaa. Sisi tuliona aibu kusema maneno hayo mawili, na aibu hiyo ilimpandisha rafiki yangu lori. Wala ukimwona mwenzako anakonda na kutabasamu, usimsifu kwa subira yake. Mwulize, na akikudanganya, mwulize tena.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na tumbo la kuipokea. Akupe marafiki wa sinia moja. Awape walio nyumbani chao, akupe na wewe chako, usiogope kukila. Akuondolee hofu ya leo na ya kesho, na wanao wasiijue hata kwa jina. Amin, mwanangu, amin.